Fundi Lifti Atafuta Nyumba ya Chini

Katika mji ule mzima hapakuwa na mtu aliyeingia majumba marefu mengi kama Kamba, na hapakuwa na mtu aliyeyaona kidogo kama yeye. Kamba ni jina alilopewa na mafundi wenzake. Katika kazi ya lifti kila fundi ana kitu chake anachokipenda, mwingine taa, mwingine milango, na yeye alipenda zile kamba za chuma. Alizipitia moja moja kwa kitambaa akitafuta uzi uliokatika, hata wenzake wakamtania kwamba mkewe hajawahi kuangaliwa kwa makini namna ile.

Miaka nenda miaka rudi alikuwa anapanda na kushuka majumba hayo ndani ya shimo la giza, amesimama juu ya paa la sanduku linalobeba watu, taa kichwani, ukuta wa zege mbele ya pua. Ghorofa kwake ilikuwa namba iliyopakwa rangi ukutani. Kama ilikuwa na sebule au dirisha, hiyo ilikuwa habari ya wenyewe. Na akishavua ovaroli, lifti hapandi. Akialikwa kwa jamaa ghorofa ya sita atakwenda kwa ngazi, afike anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, na akiulizwa atasema daktari amemshauri mazoezi. Kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua. Lakini kinyozi anayeukimbia wembe wake mwenyewe, huyo kidogo ni wa kutiliwa shaka.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mkewe ambaye alifundisha chekechea, na mama yake mzazi. Walipanga vyumba viwili na sebule, nyumba ya chini, hatua chache kutoka kliniki ya viungo. Kliniki hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba ile. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa ganzi, na kwa muda mrefu aligeuzwa kitandani kama mtoto mchanga. Mtaalamu wa kliniki alimsimamisha kati ya vyuma viwili, akamfundisha kutembea upya, leo hatua moja, kesho nyingine. Sasa mama alitoka kitandani hadi mlangoni kwa mkongojo wake. Siku alipofika mlangoni peke yake mara ya kwanza, mkwewe alilia kwa sauti na Kamba akaondoka kwenda kazini na kandambili.

Halafu mwenye nyumba akaja, kofia mkononi, macho chini. Kiwanja alikuwa amekiuza. Mnunuzi anataka kujenga, na tingatinga lingefika mwisho wa wiki. Alijua ni ghafla. Aliwaomba wasimlaumu, akanywa maji aliyopewa, akaenda zake.

Usiku huohuo kaka mkubwa wa Kamba, anayeishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, alipiga simu. Mleteni mama kwangu, alisema. Nyumba ninayo, uwanja ninao, wajukuu wamejaa tele. Alisema kwa mapenzi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu mtu anayekosea kwa ubaya ni rahisi kumpinga. Kule kwa kaka hapakuwa na kliniki ya viungo wala mtaalamu. Na yule mtaalamu alishawaambia wazi: miguu hii ikiachwa ikalala tena, haiamki. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu. Ama wapate nyumba karibu na kliniki kabla tingatinga halijafika, nyumba ambayo mama ataingia na kutoka kwa miguu yake. Ama mama aende kwa kaka, awekwe kwenye kiti kizuri uwanjani, asiinuke tena.

Walilijadili jambo hilo pande zote, Kamba na mkewe na kaka kwenye simu. Mama mwenyewe hakuna aliyemwuliza.

Dalali waliyeelekezwa aliitwa Leoleo. Jina lilitokana na kibao chake, kilichoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA LEO LEO, na wateja wakaona hakuna haja ya kutafuta jina lingine. Alikuwa mwanamke mfupi, raba miguuni, na rundo la funguo kiunoni lililomtangulia kila alikokwenda. Kamba alimweleza anachotaka. Nyumba iwe ya chini, chini kabisa, hata kizingiti kisiwe kirefu. Leoleo alisema kabla chai yao haijapoa watakuwa na funguo. Kamba akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Leoleo akajibu kwamba aliyetunga methali hiyo bila shaka alikuwa na nyumba yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya mahali pa kuoshea magari. Kuta zilikuwa zimetoka kupakwa rangi ya maziwa, zinang'aa. Mkewe Kamba aliweka kiganja ukutani, akakitazama. Leoleo akasema rangi haijakauka vizuri. Mke wa Kamba alikuwa anashinda na watoto wa miaka minne, na uongo wa aina zote alishausikia kabla ya saa nne asubuhi. Hakubishana, alimwonyesha tu kile kiganja. Kilikuwa kimelowa maji matupu, bila rangi hata tone.

Ya pili ilikuwa kavu na safi, ila mlango wa bafu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Kamba mwenyewe aliingia upande upande. Alitoa futi yake mfukoni akapima, akapima tena. Mama hangeweza kupita pale na mtu wa kumshika. Mwenye nyumba, mzee mchangamfu, akashauri aingizwe kwa ubavu. Kamba akamwambia kwa heshima kwamba mama yake si kabati.

Ya tatu waliipenda tangu mlangoni. Vyumba vipana, sakafu imesawazika, jiko lenye hewa. Mkewe Kamba alikwishaanza kuweka vitanda kichwani mwake, kimoja huku, kingine kule, ndipo akaona ukutani alama ya kahawia iliyonyooka, inazunguka chumba kizima, inapita juu kidogo ya mahali ambapo godoro lingelala. Leoleo alikiri kwamba ndiyo, mvua kubwa ikinyesha maji huingia, lakini mara moja tu kwa mwaka.

"Na hutoka lini?" mke wa Kamba akauliza.

Wakatoka nje wote watatu. Leoleo akakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akavua raba moja, akaikung'uta mchanga. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue aliongea bila kuuza kitu.

"Kaka, mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Wewe umeinama vya kutosha. Mvunguni hamna kitu. Sasa inua kichwa."

Akanyoosha mkono. Nyuma ya kliniki, ukuta kwa ukuta na bustani yake, lilisimama jengo refu la rangi ya mchanga. Juu kabisa, ghorofa ya tisa, palikuwa na nyumba wazi tangu jana. Milango mipana, bafu lisilo na kizingiti, mwenye nyumba hana makuu. Kutoka mlango wa jengo hadi mlango wa kliniki hata barabara ya kuvuka hakuna.

Kamba alisema hapana kabla dalali hajamaliza. Jengo hilo alilijua kuliko Leoleo. Lifti yake alikuwa anaitengeneza yeye. Kamba zake alizifunga yeye kwa mikono yake, mwaka uliopita, na kila mwezi alikwenda kuzisalimia.

Leoleo hakuelewa. Alisema basi ndiyo vizuri zaidi, mpangaji gani mwingine ana bahati ya kumjua fundi? Kamba akatikisa kichwa, akasema tu kwamba mama yake hatapanda kitu kile. Mkewe alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kuvaa viatu, kisha akamwambia Leoleo waende wao wawili. Wakaingia. Kamba akabaki chini, mgongo ukutani, anasikiliza. Alisikia mlango wa lifti ukifunga, akasikia mashine ikishika, akalifuata lile sanduku kwa masikio ghorofa kwa ghorofa hadi likasimama. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

Wakati anawasubiri alitazama watu wakiingia na kutoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana fundi akiwa kazini lifti huwa imefungwa na watu hawapo. Aliona mwanamume aliyebeba mtoto amelala begani. Aliona msichana aliyeingia macho yakiwa kwenye simu, akabonyeza kitufe bila hata kukitazama. Aliona bibi mmoja na kikapu cha mboga, akaingia, akageuka, akauelekea mlango kwa utulivu kama mtu aliyekaa kwake. Hakuna aliyeangalia juu. Hakuna aliyeuliza kamba ni ngapi, zina umri gani, nani alizikagua. Walitoa mguu kwenye sakafu ya zege, wakauweka kwenye sanduku litakaloning'inia juu ya kina cha ghorofa tisa, na nyuso zao hazikubadilika. Watu hawa wote walikuwa wamemwamini yeye, na hata jina lake hawalijui.

Mkewe aliposhuka alikuwa kimya. Tena huyu si mwanamke wa kunyamaza; hata usingizini huongea. Alimshika mumewe mkono, akasema kitu kimoja: "Panda ukaone."

Kamba akapanda kwa ngazi.

Alipofika juu, jasho linamtiririka, Leoleo alikuwa amesimama mlangoni ameuacha wazi. Kamba akaingia kama fundi, anatafuta kasoro. Akapima mlango wa bafu: mpana. Akapiga magoti akapapasa sakafu: hapana kizingiti, hapana kigae kilicholegea. Akafungua bomba, maji yakaja kwa nguvu, akalifunga. Jikoni palikuwa na rafu kwa urefu ambao mtu anaweza kufikia akiwa amekaa. Chumba cha nyuma kilikuwa na mwanga mwingi sana, na yeye akaenda kuona unatokea wapi.

Ulitokea dirishani, dirisha refu kutoka magotini hadi juu ya kichwa, lenye vyuma. Kamba akasimama mbele yake, na kilichomtokea pale ni vigumu kukisimulia, kwa sababu kwa nje hakikuwa kitu: mtu mzima alitazama nje ya dirisha.

Mji wote ulikuwa pale. Aliufahamu kwa sehemu, mtaa huu, kona ile, jengo hili, lakini hakuwahi kuuona ukiwa umekaa pamoja. Paa za bati zilishuka na kupanda hadi macho yalipochoka. Kwenye paa moja mwanamke alikuwa anaanika mashuka, na upepo uliyajaza akawa anapambana nayo huku anacheka, na kicheko hakikufika. Msururu wa watoto wa shule ulivuka barabara, wadogo kama punje. Chini kabisa, kama kwenye kiganja, palikuwa na uwanja wa kliniki, njia yake ya mteremko, vile vyuma viwili ambavyo mama yake alijifunzia kutembea. Ndege walipita, na walipita chini yake. Kamba aliona migongo yao.

Kisha akaanza kuyatambua majengo. Hakuyajua kwa sura, aliyajua kwa vile vijumba vidogo vilivyokaa juu ya paa zao, visivyo na dirisha, ambamo mashine za lifti huwekwa. Kile cha kijivu kule, alikaa ndani yake siku mbili na mota iliyoungua. Kile chenye mlango wa buluu, alipigwa humo na shoti. Kile, na kile, na kile cha mbali. Katika kila kijumba alikuwa amesimama akiwa ameupa mgongo mji huu wote, ukuta mmoja tu kati yao, na hakujua. Na chini ya kila kimoja, dakika ile ile, kuna mtu alikuwa anapanda na mwingine anashuka. Alishika vyuma vya dirisha, akasema kwa sauti ndogo, bila kuulizwa, "Sikujua."

Leoleo, dalali aliyekuwa na neno kwa kila ukuta na kila bomba, alizishika funguo zake kiunoni zisilie. Hatimaye akamwambia, polepole, kwamba kesho asubuhi kuna mtu mwingine anakuja kuiona, na akija ataichukua.

"Nyumba ni nzuri," Kamba akasema. "Mama hapandi."

Nyumbani mkewe alimpa maneno yake. Alimwambia kwamba tingatinga halingoji mtu amalize kuogopa. Alimwambia kwamba ana siri ya ajabu, mwanamume anayeshinda juu ya lifti kutwa kisha anazikimbia jioni, na kwamba yeye kama mke amemstahi miaka yote hakumwuliza, lakini sasa anamwuliza. Kamba akainama kuvua viatu. Mkewe akaingia chumbani, akabamiza mlango.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake na beseni la plastiki mapajani, anafanya zoezi la vidole. Alichukua kibanio cha nguo kwa mkono ule dhaifu, akakifungua kwa taabu, akakibana kwenye mdomo wa beseni. Halafu kingine. Beseni lilikuwa limezungukwa nusu.

"Mlango umebamizwa kwa nguvu," alisema. "Nyumba imepatikana au imekosekana?"

Kamba akakaa sakafuni, miguu ya mama karibu na bega lake. Alidhani atamweleza kwa kifupi. Alianza na bafu na milango, akafika kwenye dirisha, na hapo kifupi kikamshinda. Alimsimulia paa. Alimsimulia mashuka na upepo, watoto wa shule, vijumba vya mashine. Aliongea kama ambavyo mama hakuwahi kumsikia akiongea tangu akiwa mdogo, alipokuwa anatoka mbio kuja kueleza alichokiona njiani. Mama aliacha vibanio.

"Na ndege wanapita chini ya dirisha, mama. Unawaona migongo."

"Migongo ya ndege," mama akasema. Umri wote ule, ndege akiruka, alikuwa ameona matumbo tu. "Sasa hapana yako inatoka wapi?"

"Inafikiwa kwa lifti."

"Mbovu?"

"Si mbovu."

"Anaitengeneza nani?"

"Mimi, mama."

Mama akachukua kibanio kingine, vidole vikatetemeka, kikashika. "Na hao wanaopanda?"

"Watu tu. Wapangaji."

"Wazee hawamo?"

Kamba akamkumbuka yule bibi na kikapu chake cha mboga. Akasema wamo.

"Hao ni mama wa nani?"

Kwenye chumba cha pili mkewe alikuwa anasikiliza, maana kitanda kililia kisha kikanyamaza. Kamba alitazama mikono yake. Ndipo akamwambia mama jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba kila usiku akilala anajiuliza kama nati fulani, kwenye jengo fulani, aliikaza. Anaifuatilia kwa kumbukumbu, anajiona na spana mkononi, anajiona akiikaza, anashukuru, na kesho yake usiku inakuja nati nyingine. Mashine anaziamini. Kamba za chuma ziko tano, na moja tu ingetosha. Asichokiamini ni hii mikono.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mikono hiyo ndiyo inayoniinua kitandani kila asubuhi," akasema. "Hujaniangusha."

"Wewe nakuona, mama."

"Basi na wale waone." Akabana kibanio. "Kaka yako amenipigia leo. Ameniambia kiti kiko tayari, kina mto. Nyote mna mapenzi, na hakuna aliyeniuliza. Mimi sitaki kiti. Nataka nikaone migongo ya ndege."

Asubuhi yake Kamba alifika kwenye kibao chekundu kabla Leoleo hajafungua. Kwa hiyo safari hii, Leoleo alipenda kusimulia baadaye, chai ndiyo kwanza ilikuwa inachemka, na mtu ana funguo.

Vitu vyao havikuwa vingi. Siku ya kuhama Kamba aliomba ruhusa kwa wenye jengo, akaisimamisha lifti tangu alfajiri, akaikagua kama aliyeonana nayo siku ile kwa mara ya kwanza. Alishuka hadi chini ya shimo. Alipanda juu ya sanduku akapitia kamba kwa kitambaa, uzi kwa uzi. Alijaribu yale meno ya dharura yanayong'ata reli, akaachia, akajaribu tena. Alikaza nati zilizokuwa zimekazwa. Alipomaliza hapakuwa na kitu cha kufanya, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu.

Mama alifika kwa miguu yake kupitia bustani ya kliniki, mkwewe upande mmoja, Leoleo upande wa pili na mto wa kulalia kwapani. Mkwewe akatangulia juu kwenda kumpokea. Kamba akaushika mlango wa lifti kwa mkono mmoja, akamnyooshea mama mkono wa pili, tayari kuingia naye.

"Hapana," mama akasema. "Ukiwa kazini nitapanda na nani? Nitapanda kama wenzangu. Wewe nenda mahali pako."

Kamba akabishana kidogo, akaona uso wa mama yake, akaacha. Alimwonyesha kitufe. Leoleo akasema atamwangalia mpaka mlango ufunge. Kamba akazishika ngazi mbili mbili, ghorofa kwa ghorofa, akaipita ya tisa, akafika kwenye kijumba cha juu ya paa, akafungua kufuli, akaingia. Palikuwa na joto na harufu ya grisi. Mashine ilikuwa imetulia, gurudumu lake kubwa limesimama, kamba tano zimelizunguka na kutumbukia sakafuni kwenye matundu yake, upande huu na upande ule. Akampigia Leoleo, akasema mwambie mama abonyeze.

Breki ikaachia. Tak. Gurudumu likaanza kuzunguka.

Watu hudhani lifti ni kama ndoo ya kisimani, kwamba mtu yuko chini na mashine iko juu inamvuta. Sivyo. Upande wa pili wa zile kamba kuna vyuma vizito vinavyoning'inia, vimepimwa viwe vizito kuliko sanduku tupu. Watu wakijaa, mashine huvuta kwelikweli na utaisikia inaguna. Lakini akiingia mtu mmoja mwepesi, vyuma vinamzidi. Vyenyewe vinataka kushuka, na yeye anataka kupanda. Kazi ya mashine inabaki kumshika asiende mbio.

Kamba alilijua hili tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Alishalieleza kwa wanagenzi mara nyingi, chaki mkononi, kama hesabu. Sasa alisimama pale akaisikia mashine haiguni hata kidogo. Ilikuwa inazuia. Mama yake, aliyegeuzwa kitandani kama mtoto, mama ambaye alidhani anamning'iniza juu ya shimo kwa uzi, alikuwa anapanda kwa wepesi wake mwenyewe, na mashine yote ile ya chuma ilikuwa na kazi moja tu, kumwambia taratibu. Aliziona kamba zikipita, zinang'aa, moja, mbili, tatu, nne, tano. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na grisi na kwa sababu hakutaka kupepesa.

Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Tak. Chini ya miguu yake, kupitia matundu ya kamba, alisikia mlango ukifunguka, sauti ya mkewe, halafu mkongojo ukigonga sakafu. Ulikwenda bila kusita. Uliingia ndani, ukapita sebuleni, ukaelekea chumba cha nyuma chenye mwanga, ukasimama. Kisha mama yake akacheka, kicheko cha mtu aliyejua tangu mwanzo.

Kamba alifunga sanduku lake la vyombo na kushika kitasa. Breki ikaachia tena. Tak. Huko chini mtu alikuwa ameiita lifti, na sanduku tupu likashuka kumfuata. Likasimama. Mlango ukafunguka, ukafunga. Gurudumu likaanza kuzunguka kuja juu, na safari hii mashine iliguna kidogo. Walikuwa watu kadhaa, labda na mizigo, labda na mtoto. Hakujua ni nani wala wanakwenda ghorofa gani.

Akaachia kitasa, akarudi, akasimama mbele ya zile kamba na kuzitazama mpaka wakafika.